Diski za Miasenyi

Jumatatu, 7 Oktoba

Daftari hili lilikuwa la maandalio ya masomo ya kidato cha pili. Nusu yake imebaki tupu, na nina jambo ambalo siwezi kulisema kwenye chumba cha walimu, kwa hiyo ninaliandika hapa.

Everlyne amerudi saa kumi na moja na nusu, ameegesha Fielder nyuma ya jiko, na kabla hajavua viatu akasema, "Ronald, usukani unatetemeka. Nikikanyaga breki kwenye zile kona za kuteremkia Mwatate unanitikisa mpaka mabegani."

Nikasema labda magurudumu yanataka upepo.

"Hapana. Ni diski za mbele. Kilonzo anasema zimeharibika kwa joto."

Kilonzo anasema. Yaani habari za gari letu zilipitia Voi kwanza, kwa fundi, ndipo zikapanda mlima mpaka Wundanyi kunifikia mimi mwenye nyumba.

Nimtendee haki. Mke wangu ni tabibu katika zahanati moja huko Mbololo, na kila siku ya kazi anateremka asubuhi na kupanda jioni. Mimi nafundisha Kiswahili shule ya hapa karibu, naenda kwa miguu. Gari ni letu sote wawili, lakini anayelijua ni yeye. Na Kilonzo amelitengeneza miaka mitatu sasa. Sijawahi kumwona akifanya kosa. Hilo nalo linaniudhi.

Jumatano, 9 Oktoba

Mvua ya kwanza ya vuli. Everlyne amefika kwa kuchelewa nusu saa. Nimeuliza kwa nini. "Mvua," akasema.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimeenda naye gereji. Nilisema nataka kununua kalamu Voi, naye akacheka kwa sababu kalamu ziko hata hapa dukani.

Kilonzo ni mtu mfupi, mnene mabegani, ovaroli yake imepauka. Alipotuona alifuta mikono. "Daktari! Habari ya mlima?"

"Mlima mzima. Gari ndilo linaumwa."

"Na Mwalimu umekuja! Leo utatusahihisha."

Alifungua gurudumu la mbele. Ndani kulikuwa na ile sahani ya chuma inayozunguka pamoja na gurudumu, ambayo pedi za breki huibana ili gari lisimame. Everlyne alipitisha kidole ukingoni, mahali chuma kilipobaki kimeinuka kwa sababu kwingine kumeliwa. Alifanya vile anavyopapasa tumbo la mgonjwa. Kilonzo hakupima mwenyewe. Alimpa kipimo.

"Soma wewe."

"Milimita kumi na tisa na nusu."

"Na mwisho wake imeandikwa ngapi?"

Everlyne akakwangua kutu kwa ukucha. "Ishirini."

"Basi imeenda. Hata tukiipeleka kuchongwa haina nyama ya kuchonga."

Nikaona nami niseme kitu. Nikauliza kama haiwezi kugongwa kwa nyundo ikanyooka.

Walicheka. Si kicheko cha ubaya, najua. Lakini walicheka pamoja, wakaanza pamoja na kumaliza pamoja, nami nikasimama hapo na begi langu kama mwanafunzi aliyesoma ukurasa usio wake.

Kilonzo akaeleza. Kuna za mtumba kutoka Japani, lakini hujui zimeliwa kiasi gani. Kuna mpya za kawaida, nzito, zenye nafasi ya hewa katikati. Na kuna zile zilizotobolewa matundu usoni. "Hizo zinapendeza kwa picha. Lakini kwa mlima wenu msichukue. Kuteremka kila siku, joto linaenda kutafuta tundu, chuma kinapasuka hapo." Ataagiza zile nzito Mombasa, pamoja na pedi mpya. Wiki mbili. Kwa sasa Daktari ateremke na gia ya pili na asikalie breki.

"Na ukisikia kitu chochote, nipigie," akamwambia.

"Nitakupigia."

Tukapanda mlima kimya. Kimya kilikuwa changu. Yeye alikuwa akiimba wimbo wa kwaya.

Jumanne, 15 Oktoba

Nimefanya jambo la aibu. Alipokuwa anaoga nimefungua simu yake. Kilonzo: "Ulifika poa?" Everlyne: "Nilifika. Gia ya pili kama ulivyosema. Mtetemo umepungua." Kilonzo: "Safi sana Daktari." Hakuna zaidi. Nilisoma mara tatu nikitafuta zaidi. Mimi huwa simwambii safi sana.

Jumatatu, 21 Oktoba

Sikukuu. Tuko nyumbani, tuko wawili tu, na bado alikaa dakika kumi na nne kwenye simu na Kilonzo. Diski zimekwama Mombasa, zitakuja wiki ijayo au ile nyingine. Dakika kumi na nne kwa habari ya maneno tisa.

Jirani yetu mama Jedidah alikuwa ameleta mboga. Akasema, "Mwalimu, mbona unatazama mlango hivyo?" Nikasema natazama mvua.

Jumamosi, 26 Oktoba

Leo nina furaha.

Everlyne alikuwa na mazoezi ya kwaya kutwa. Nimechukua gari, nimepita Voi bila kugeuza shingo upande wa gereji, nikafika Miasenyi. Mwalimu mwenzangu aliniambia kuna mtu anaitwa Wambua anauza vipuri kando ya barabara kuu, pale malori yanaposimama.

Wambua aliuliza gari gani. Nikasema Fielder. Akauliza boliti ngapi. Nikatoka nje kuhesabu, nikarudi. Akaleta aina mbili. Moja nyeusi, nzito, imepakwa mafuta, haina sura. Nyingine inang'aa kama sahani ya harusi, ina matundu yaliyopangwa kwa mistari ya kupinda.

"Hii ni ya gari za mashindano," akasema. "Matundu yanatoa joto."

Nilikumbuka alivyosema Kilonzo. Ningesema sikukumbuka ningekuwa mwongo hata kwa daftari. Nilikumbuka neno kwa neno, na hilo ndilo lililonifanya nizinyanyue. Nilishangaa wepesi wake. Wambua akasema uzito unakula mafuta. Nikasema zifungwe.

Nimepanda mlima, nimekanyaga breki kila kona. Usukani umetulia kama meza.

Jumapili, 27 Oktoba

Baada ya ibada nimemwonyesha. Alichuchumaa na gauni lake la kanisani, akachungulia katikati ya rimu. Alikaa hapo muda mrefu.

"Umezitoa wapi?"

"Miasenyi. Nilikuwa nataka ustarehe."

"Kilonzo ameziona?"

"Hapana."

Akainuka, akapangusa goti. "Asante, Ronald. Nashukuru ulivyofikiria." Kisha akaenda chumbani akampigia Kilonzo afute ile oda ya Mombasa. Nilisimama karibu na mlango. Nilimsikia akisema, "Nimepata nyingine." Nimepata. Hakusema Mwalimu amepata. Nilitaka yule mtu ajue ni mimi.

Alhamisi, 31 Oktoba

Mvua. Breki nzuri. Hakuna simu kwa fundi siku nne. Nimelala vizuri.

Jumanne, 5 Novemba

Everlyne anasema anasikia sauti. "Kama mtu anayesaga jino." Inatokea akishafika nusu ya mteremko, diski zikiwa zimepata moto. Nimemwambia diski mpya huimba. Sijui nililitoa wapi neno hilo.

Ijumaa, 8 Novemba

Tumegombana. Niliandike lote, hata kama sipendezi ndani yake.

Aliingia akasema, "Sauti imezidi. Kesho napitia kwa Kilonzo aangalie."

Nikasema, "Nilijua."

"Ulijua nini?"

"Kwamba ungetafuta njia ya kurudi huko."

Alinitazama kwanza kama ambaye hajasikia. Nikaendelea. Nilitaja dakika kumi na nne. Nilitaja gia ya pili na safi sana. Nilivyotaja hivyo akajua nimesoma simu yake, nikaona uso wake ukibadilika polepole, na bado sikunyamaza. Nikasema, "Kwani Kilonzo ndiye mume wako? Mimi nimeleta diski, nzuri kuliko zake, na wewe unasikia sauti! Hakuna sauti. Unamtaka mtu, unasingizia gari."

Mvua ilikuwa inapiga mabati kwa nguvu, kwa hiyo nilikuwa napayuka. Everlyne hakupaza sauti. Alisema, "Sawa." Akaenda kuweka sufuria motoni.

Nilidhani nimeshinda.

Jumatatu, 11 Novemba

Ukungu mpaka saa nne. Amesema "habari za asubuhi" na "chakula kiko mezani".

Jumatano, 13 Novemba

Hajapitia kwa Kilonzo. Nimeuliza, ameapa. Nimemwamini, nikafurahi. Mungu anisamehe furaha hiyo.

Ijumaa, 15 Novemba

Ninaandika nikiwa Voi, kwenye benchi la hospitali.

Jana nilikuwa nasimamia mtihani wa kidato cha nne shule jirani. Simu zetu hufungiwa ofisini. Nilipotoka saa saba nilikuta simu kumi na moja ambazo sikupokea, na saba zilikuwa za Kilonzo. Jambo la kwanza lililonijia si hofu. Nilijiuliza, huyu ananitakia nini? Naliandika hilo ili nisije nikalisahau.

Kisha nikaona nne za mwanzo. Za Everlyne. Saa moja na dakika arobaini asubuhi. Alinipigia mimi kwanza, mara nne, ndipo akampigia mwingine.

Alikuwa ameteremka na mama Jedidah, aliyeomba lifti mpaka Mwatate. Ukungu ulikuwa umefunika barabara. Katika kona ya tatu alikanyaga breki, akasikia mlio kama sufuria la chuma linapopasuka, na gurudumu la kulia likakamata ghafla. Gari likavutwa kulia, upande wa bonde. Alipigana na usukani akaligeuza likajipiga kwenye ukuta wa mlima. Alikuwa na gia ya pili. Polisi aliyefika alisema kama angekuwa na kasi zaidi wangewatafuta bondeni.

Everlyne amevunjika mfupa wa bega la kushoto, na ana jeraha kwenye paji. Mama Jedidah amevunjika kifundo cha mkono. Nilipoingia wodini Everlyne alisema, "Mwangalie mama Jedidah kwanza." Nikafanya hivyo kwa sababu nilishindwa kumtazama.

Saa tisa Kilonzo alikuja. Ndiye aliyelivuta gari mpaka Voi. Alikuwa amebeba kitu ndani ya gunia la mchele, akakitoa: diski yangu. Ilikuwa na ufa kutoka tundu hadi tundu hadi tundu, na kipande chake kimetoka kabisa, ukubwa wa kiganja. Matundu bado yalikuwa yanang'aa.

Alikuwa amekasirika hata akasahau kwamba ni hospitali. "Daktari, mimi si nilikuambia? Si nilikuambia hizi usichukue? Wewe ni mtu wa akili! Chuma chepesi hivi, hata mtoto akishika anajua. Ulitaka kupendezwa na nini?"

Wagonjwa wote waligeuka. Mama Jedidah aligeuka. Nilikuwa nimesimama karibu na dirisha, hatua mbili.

Everlyne alisema, "Nilikosea, Kilonzo. Nisamehe."

Hakunitazama hata kidogo. Laiti angenitazama ningesema. Hapana, huo ni uongo mwingine. Nilikuwa na nafasi ya kusema, na mdomo, na sikusema.

Jumapili, 17 Novemba

Wamemruhusu. Hakuja nyumbani. Mama yake, mama Gertrude, alikuja kumchukua kwenda Mbololo. "Atapona kwangu," akasema. "Kazi yake iko karibu." Nikasema ndiyo, Mama. Nimebeba mfuko wake mpaka kwenye teksi.

Jumatatu, 18 Novemba

Nyumba kubwa hii. Sikujua.

Jumatano, 20 Novemba

Nimeenda kwa mama Jedidah nikamwambia. Alikuwa amekaa mlangoni, mkono umefungwa plasta, anatazama maharagwe yake yakimezwa na magugu.

"Diski nilinunua mimi," nikasema. "Everlyne alitaka fundi aziangalie, nikamzuia. Kwa wivu."

Aligeuza macho kutoka shambani. Kisha akasema, "Na siku ile wodini ulimwacha afokewe."

"Ndiyo."

"Jembe liko nyuma ya zizi, Mwalimu."

Nimepalilia mpaka giza likaanza. Hakuniletea maji.

Jumamosi, 23 Novemba

Leo nimeenda gereji. Njiani nilitunga hotuba nzuri, yenye mwanzo, kiini na hitimisho. Nilipofika nilimkuta Kilonzo amelala chini ya lori, nikaiambia miguu yake.

"Ni mimi niliyezinunua. Miasenyi. Ulikuwa umetukataza nami nilisikia."

Miguu ilitulia. Akatoka, akakaa chini kwenye changarawe.

"Mwalimu, mimi nimemgombeza yule mama mbele ya watu. Na mfupa umevunjika. Akaniomba msamaha. Mimi!"

"Najua. Nilikuwepo."

"Ulikuwepo." Alitema mate pembeni. Nilidhani atanipiga, na nilikuwa tayari. Aliuliza tu, "Sababu?"

Kwa kuwa nilishajivua nguo zote, nikauliza: "Unampenda mke wangu?"

Alijipangusa mikono kwenye ovaroli. "Nina wateja wengi hapa. Mtu analeta gari anasema inafanya kelele. Kelele gani? Hajui. Inatoka wapi? Hajui. Daktari peke yake anakuja anasema, Kilonzo, ni mbele kulia, ikishapata moto, inaanza nikiachilia mguu. Na iko hivyo kabisa. Wewe ni mwalimu. Ukipata mwanafunzi mmoja kama huyo darasani, utakosa kumfurahia?"

Niseme kweli: hata hapo nilimwonea wivu. Safari hii si kwa sababu ya mkono wake kuwa karibu na wa Everlyne. Ni kwa sababu anamjua mke wangu kwa namna ambayo mimi, miaka kumi na moja ya ndoa, sikuwahi kuuliza.

Nikamwambia aagize diski nzito. Akasema, "Nitaagiza. Lakini zikija wewe utakuja kuzipima. Mimi sitaki tena kusikia hukujua."

Jumamosi, 30 Novemba

Mbololo. Everlyne alikuwa sebuleni, mkono umening'inizwa kwa kitambaa shingoni. Mama Gertrude alituwekea chai akatoka, lakini hakwenda mbali. Nilimsikia akifagia mahali pamoja.

Nikamwambia nimekiri kwa mama Jedidah na kwa Kilonzo.

"Kilonzo alinipigia," akasema.

Kisu kidogo kilinipita. Nikakiacha kipite.

"Kwa nini ulibeba kosa langu?"

"Sikulibeba kwa upendo, usijidanganye. Nilikuwa na maumivu. Sikuwa na nguvu ya kutazama ukikataa mbele ya watu." Akanywa chai. "Za diski nimekusamehe, Ronald. Mtu yeyote anaweza kununua kitu kibaya. Lakini nilikuambia nasikia sauti, ukasema hakuna sauti. Mimi ndiye niliyekuwa ndani ya gari! Nikimwambia Kilonzo nasikia kitu, anainama chini ya gari. Wewe uliinama kwenye simu yangu."

Kufagia kule nje kulisimama.

"Nikateremka siku tatu na sauti ile," akasema, "kwa sababu niliona heri nife kuliko kuitwa malaya nikipitia gereji. Fikiria nilivyokuwa mjinga."

Nikasema hakuwa mjinga. Akasema, "Nyamaza kidogo." Nikanyamaza. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Alhamisi, 5 Desemba

Maharagwe ya mama Jedidah yametoa maua. Leo ameniletea maji.

Jumamosi, 14 Desemba

Diski zimefika, na ubavu wa gari umeshanyooshwa. Kilonzo ameziweka mezani bila neno, akanipa kipimo. Zilikuwa nyeusi, nzito, hazina sura. Ishirini na mbili moja, ishirini na mbili nyingine. Nimehesabu boliti, nimetazama nafasi ya hewa katikati, nimelinganisha na ile ya zamani, upana na kimo. Nimesema, "Hizi." Kilonzo akasema, "Sawa," na akazifunga mbili pamoja na pedi mpya. Akaniagiza nikanyage breki polepole kwa kilomita za kwanza mpaka pedi zizoee chuma.

Nimeendesha mpaka Mbololo kama mtu aliyebeba mayai. Everlyne alitoka mlangoni. Kitambaa kimeondolewa juzi. Nikampa funguo.

"Umekuja na gari," akasema. "Utarudi na nini?"

"Nitapata usafiri Voi."

"Ngoja nivae viatu."

Aliendesha yeye. Alikanyaga breki kidogo, akaachilia, akakanyaga tena, kichwa ameinamisha upande. Nilitamani kuuliza kama ziko sawa. Sikuuliza. Baada ya muda akasema mwenyewe, "Kuna mlio mdogo kushoto."

"Unafanana na nini?"

Akanitazama upesi, akarudisha macho barabarani. "Kama unyasi unaogusa kitu. Si diski. Labda ni lile bati la kuzuia vumbi."

"Inataka kuangaliwa," nikasema.

Alinishusha stendi ya Voi. "Nitakuja nikitaka," akasema. "Usinipigie kuniuliza lini." Nikakubali. Akageuza gari, akaingia ile barabara ya gereji. Nilisimama na mkoba wangu nikitazama mpaka taa za nyuma zikapotea. Kifua kiliniwaka vilevile kama mwezi wa kumi, hakuna kilichopungua. Kisha kondakta akaita Wundanyi, nikapanda.

Jumamosi, 21 Desemba

Mvua imekata. Saa kumi jioni nimesikia gari likipanda. Everlyne ameingia na begi dogo, akaliweka kitini, akaenda kwanza kwa mama Jedidah kumjulia hali ya mkono. Begi lilikuwa wazi. Nimetazama, ndiyo, siwezi kudai nimepona. Ni nguo za siku tatu.

Nimebandika chai.